Chumba cha Saruji

Mdogo wangu alimjua mwanawe kwa muda mfupi, kama wiki moja na kitu. Nasema alimjua kwa maana ya kawaida tu: akiamka alijua kwamba amezaa, kwamba ni wa kiume, kwamba sikio lake la kushoto limejikunja juu kama la baba yake. Siku hizo ninazo mimi. Yeye hana hata moja.

Tulizaliwa Nosy Be, kisiwa cha Madagaska, upande wa Marodoka, katika nyumba ya fito na majani yaliyosukwa. Mimi ni wa kwanza, baada yangu mvulana, kisha yeye. Kwetu mwanamke akishazaa hulazwa karibu na moto. Anavishwa sweta na kofia ya sufu hata kama ni msimu wa joto, ananyweshwa maji ya moto, anakandwa, na jiko la makaa huwekwa kando ya kitanda chake, kwa sababu mwili uliozaa unahesabiwa kuwa umefunguka na upepo unaweza kuingia. Nilimwona mama akilazwa hivyo mara mbili. Aliyesimama barabarani aliona moshi ukitoka kwenye kuta pande zote, kana kwamba nyumba inaungua polepole. Wapita njia walijua humo mna mzazi, wakasalimia kwa sauti ya chini. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kufikiri kwamba ule ukuta uliotoboka ulikuwa sehemu ya dawa.

Baba alitangulia, mama akamfuata, mwishoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa karibu kumaliza shule ya msingi, sikuimaliza. Mdogo wetu wa kiume alibaki na ndugu za baba, na baadaye akaingia kiwanda cha sukari hukohuko kisiwani. Huyu wa kike alikuwa wa miaka mitano hivi, bado hatembei bila kushika nguo yangu. Nilipanda naye meli ya mizigo mpaka mji wa Mahajanga, kwa shangazi wa mama, tuliyemwita Koko, yaani bibi kwa Kikomoro. Alikaa mtaa wa Mahabibo. Majirani zake wengi Wakomoro walikuwa wameshaondoka mjini, baada ya mauaji ambayo kila mtu pale aliyajua na hakuna aliyeyazungumza mbele ya watoto. Yeye alibaki kwa kuwa marehemu mumewe alikuwa Msakalava, mwenyeji wa pwani ile, na kaburi lake lilikuwa pale.

Nyumbani tulichanganya Kikomoro na Kimalagasi. Kiswahili kilikuwa katika dua, katika majina ya vitu vya baharini, na katika kinywa cha Koko alipokasirika. Maneno ya watu ninayoyaandika hapa nimeyatia katika Kiswahili mwenyewe. Lugha hii niliijua vizuri ukubwani, kwa kufanya biashara na watu wa Zanzibar.

Koko alikuwa akipika mokari, vile vitumbua vya mchele na nazi, akiviuza sokoni asubuhi. Alinifundisha, nikawa ninavipika mimi, na yeye akawa anakaa kando akiwatukana wateja wanaovibonyeza. Mdogo wangu nilimpeleka shule. Alikuwa na kichwa chepesi. Alipomaliza aliajiriwa katika duka la vitambaa la Mhindi mmoja, na wanawake walimpenda kwa sababu alikumbuka kila mmoja alinunua leso gani sikukuu iliyopita, asije akamuuzia tena ileile. Nikipita dukani nilikuwa ninasimama nje kidogo nimsikilize. "Ile yako ilikuwa ya mikorosho, Bweni, pindo jekundu. Mwaka huu chukua hii." Bweni ndivyo tunavyomwita mwanamke wa heshima.

Akaolewa na fundi wa mashine za boti, kijana wa kijiji cha Antsanitia. Huyu hakutaka mkewe akae siku za uzazi katika vyumba vyetu vya mabati na mbao. Alipopata kazi ya msimu mzima alijenga chumba kimoja cha matofali ya saruji kando ya nyumba ya Koko, akakipiga lipu ndani na nje, akatia dirisha moja la mbao. Mdogo wangu alichagua rangi ya buluu. Kilikuwa chumba cha kwanza cha saruji katika ukoo wetu. Jirani mmoja alikuja kukiona, akapitisha kiganja ukutani, akasema, "Humu hata mbu ataomba ruhusa."

Mtoto alizaliwa zahanati, mwanzoni mwa mvua, siku moja na nusu baadaye wakarudi nyumbani. Koko alikuwa ameshatayarisha kila kitu. Kitanda kilisogezwa kona ya mbali na mlango. Dirisha lilifungwa. Pale ambapo bati la paa halikukutana sawasawa na ukuta, Koko alimpandisha shemeji juu ya kiti akaziba kwa matambara, kwa sababu mvua ya Mahajanga huja na upepo. Jiko likawekwa kando ya kitanda, makaa mekundu, na juu yake majani na udi.

"Koko, unanioka kama mkate," mdogo wangu alisema.

"Mkate mbichi nani anautaka? Mumeo atakurudisha."

"Akinirudisha nitakuja kukuoka wewe."

"Mimi nimeshaiva zamani. Nivute tu uniweke sahanini. Vaa kofia."

Alivaa kofia. Alikuwa anatoka jasho, anacheka, mtoto yuko kifuani. Hivyo ndivyo tulivyokaa siku kadhaa. Mlango ulikuwa unafunguliwa na kufungwa, watu walikuwa wanaingia na kutoka, na nadhani hilo ndilo lililotusaidia mwanzoni.

Siku ambayo wageni hawakuja ilikuwa Ijumaa, wanaume wako msikitini. Koko alimchukua mtoto kumwogesha uani chini ya varanda. Mimi nilibaki ndani nikimkanda mdogo wangu tumbo kwa kitambaa cha moto. Tulikuwa na maumivu ya kichwa sote wawili. Tulilaumu udi; mdogo wangu alisema mumewe amenunua ule wa bei ya chini. Baadaye kidogo akasema amechoka, afumbe macho. Maji ya kukandia yalikuwa yamepoa, nikainuka kwenda kuchukua mengine jikoni, na magoti yakawa hayanishiki. Niliegemea mlango ukafunguka. Nje nilitapika. Nilijiona mjinga kutapika mbele ya mtoto mchanga. Nilikaa pale, nikapata pumzi, nikachota maji, nikarudi. Mdogo wangu hakunijibu.

Tulimtoa mimi na Koko tukimburura na godoro lake mpaka varandani. Uso wake ulikuwa na rangi nzuri, na hilo ndilo lililotupunguzia hofu. Koko alimmwagia maji, akamsomea. Hatukungoja sana. Alifumbua macho, akatapika, akalala upande, na baada ya muda akaomba maji ya ukoko wa wali, yale tunayokunywa baada ya chakula. Akanywa bakuli zima.

"Umetutisha," nilimwambia.

"Nimewapa kazi. Nyie hamfanyi kazi siku hizi." Kisha akageuza kichwa. "Mtoto yuko wapi? Mleteni, maziwa yanauma."

Akamnyonyesha palepale nje. Koko aliliondoa jiko chumbani, akafungua dirisha. Siku zilizofuata mdogo wangu alikuwa mzima kabisa. Alikumbuka kila kitu, hata udi ule, akamkaripia shemeji kwa ajili yake. Nililitazama lile jambo kama lililopita.

Halafu malaria. Kila mwaka mvua ikianza ilitupitia, na mwaka ule ilitupata mimi na yeye karibu pamoja. Mimi nilitetemeka, nikanywa dawa, nikalala siku tatu, nikaamka. Yeye homa ilipanda mchana, akaanza kusema na mama yetu, kisha mwili ukakakamaa, akapatwa na degedege. Tulimpakia kwenye puspusi, ile rikisho inayovutwa na mtu. Mvutaji alikimbia mpaka viatu vikamtoka. Degedege haikusimama njiani. Nilikuwa nimemshika kichwa, nikihesabu nguzo za umeme ili niwe na kitu cha kufanya. Ilisimama hospitali, baada ya sindano ya pili.

Alipozinduka, siku iliyofuata, alitujua wote. Alinitazama mimi, akamtazama Koko, akauliza, "Nani amefariki?"

"Hakuna," Koko alisema.

"Mbona mmekaa kimsiba?" Kisha akalishika gauni lake kifuani, lilikuwa limelowa. "Dada, nina nini?"

"Ni maziwa."

"Ya nani?"

Nilimwambia amezaa. Alishangaa, akafurahi, akalia kidogo, akaomba amwone. Tulimletea. Alimtazama sikio, akasema ni la baba yake. Nilitoka kwenda kumnunulia chai. Niliporudi, mtoto alikuwa mikononi mwa Koko, na mdogo wangu aliniuliza yule mtoto ni wa nani, Koko amempata wapi.

Siku ile niliingia na kutoka chumbani mara nyingi. Kila niliporudi alinisalimia kama sikuwapo dakika chache kabla.

Mwaka mzima wa nyuma ulikuwa umekwenda. Mimba, chumba cha saruji, rangi ya buluu, vyote havikuwapo. Ndoa aliikumbuka, lakini alidhani ni juzi. Nosy Be aliikumbuka kuliko mimi. Alikumbuka harufu ya maua ya ilangilangi yaliyokuwa yakipikwa kupata mafuta, na jina la mbuzi wa jirani. Leso za wateja wake wa zamani alizitaja moja moja mpaka nesi akachoka. Kitu kipya tu ndicho kilichokuwa hakikai. Ukimwambia jambo akageukia pengine, limekwisha.

Daktari aliyemwangalia alikuwa Mmalagasi, bado kijana, aliyesomea ng'ambo na kurudi karibuni. Aliniita ofisini peke yangu. Shemeji alikuwa amekataa kuingia. Daktari aliniuliza kila kitu tangu siku ya kuzaa, na nilipofika kwenye chumba na jiko aliniomba nirudie. Aliuliza kuta ni za nini. Nikasema saruji. Aliuliza nyumba za zamani zilikuwa za nini. Nikasema majani. Akaandika neno hilo.

"Ule moshi peke yake," alisema, "huenda usingemwachia alama. Aliamka mapema. Na degedege peke yake, nimewaona wengi wakiamka wakaomba chai."

"Basi ni nini?"

"Vimefuatana."

Alinieleza taratibu, kwa Kimalagasi, akitia Kifaransa alipokwama na kisha akitafuta namna nyingine. Makaa yanayowaka katika chumba kilichozibwa hutoa hewa mbaya isiyo na harufu, nayo hukaa katika damu mahali pa hewa nzuri. Ubongo wa mdogo wangu ulikosa hewa kwa muda mfupi. Seli zake hazikufa. Ndiyo maana aliamka akafanya mzaha. Lakini seli iliyowahi kukosa hewa, alisema, haiko kama ilivyokuwa, hata kama inafanya kazi yake na mtu anacheka.

"Seli za ubongo husemezana kwa kurushiana kemikali," alisema. "Ikiwa kidogo, ni mazungumzo. Ikizidi, ni sumu. Kwenye degedege zote zinapiga kelele mara moja. Kemikali inafurika, milango ya seli inabaki wazi, vinaingia vitu visivyotakiwa ndani. Seli nzima inavitoa, kama mtu anayekumba maji katika mtumbwi unaovuja. Kazi hiyo inataka hewa na nguvu. Ile iliyokosa hewa juzi..."

"Imechoka kukumba."

"Imechoka. Na pengine milango yake nayo imeongezeka, inapitisha zaidi kuliko zamani. Hilo watu bado wanalisoma." Akagusa kichwa chake juu ya sikio. "Kuna sehemu ndogo, ndani huku, inayopokea mambo mapya kabla hayajapelekwa kuwekwa. Ndiyo inayoumia kwanza kwa kukosa hewa, na ndiyo inayoumia kwanza kwa kelele. Mambo yake ya zamani yamekwisha kuwekwa kwingine."

Nilimuuliza kama itapona. Akasema seli zilizokufa hazirudi, lakini ubongo una njia nyingi na yeye hapendi kuahidi. Nilimshukuru. Nje shemeji aliniuliza daktari amesema nini, nikamwambia, "Amesema vimefuatana." Ndilo neno nililoweza kulibeba.

Nilikuwa na swali jingine ambalo sikuliuliza siku ile. Nililiuliza miaka kadhaa baadaye, nilipomkuta daktari yuleyule akinunua mokari kwangu, ameanza kuota mvi. Nilimwambia, mimi nami nilikuwa ndani ya chumba kile, nami nilipata malaria ileile. Mbona mimi nimebaki mzima? Alishika kifurushi chake akafikiri. Alisema huenda nilipata moshi kidogo zaidi, au homa ndogo zaidi, au degedege tu ndiyo haikuja. Kisha akasema kuna jambo ambalo wataalamu sasa wanaliona kwa wanyama wa maabara: hewa ikikosekana kwa kitambo kidogo tu, kisha seli zikapata siku za kupumzika, zinaweza kutoka hapo zikiwa ngumu zaidi, zikastahimili pigo kubwa linalofuata. Zikikosa kwa kitambo kilichozidi kidogo, au pigo likija mapema, zinakuwa laini. Jambo lile lile moja.

"Kidogo kiasi gani?" nilimuuliza.

"Sijui, Bweni. Na hata ningejua, chumbani mwenu hakuna aliyekuwa anapima."

Nilimsimulia Koko, ambaye alikuwa bado hai, haoni vizuri. Alisema, "Si ndiyo tuliyokuwa tukiwaambia? Kwamba joto linakaza mwili. Sasa ndiyo wanagundua." Inawezekana miaka yangu yote ya kuinamia jiko la mokari ilinikaza, na inawezekana nilikuwa tu karibu na mlango. Nimejaribu kuona kama wazo hilo linaniumiza. Halifanyi kitu.

Lakini hayo ni ya baadaye. Mwaka ule kilichokuwa mbele yetu kilikuwa mtoto.

Siku ya arobaini, mtoto anapotolewa nje na kunyolewa nywele, mama wa shemeji alikuja kutoka Antsanitia na kuku wawili na dada zake. Alikuwa mwanamke mrefu, mtulivu, anayesuka mikeka. Hakutulaumu kwa jiko. Yeye mwenyewe alilazwa kwa moto kwa watoto wake wote, katika nyumba ya majani. Baada ya kunyoa aliniomba nikae naye kando.

"Zoky," aliniita, neno la Kimalagasi kwa ndugu mkubwa, ingawa alikuwa na umri wa mama yangu. "Nitamchukua mtoto."

"Ananyonya, Bweni."

"Kuna wanawake wanaonyonyesha kwetu. Kuna maziwa ya mbuzi. Huyu mama atamweka chini siku moja aende zake, asikumbuke amemweka wapi. Karibu na moto, karibu na kisima. Hatakuwa na kosa. Lakini mtoto atakuwa amekufa."

Alikuwa anasema kweli. Wiki ileile nilikuwa nimemkuta mtoto amelazwa juu ya meza ya kukandia unga, mama yake uani anaanika nguo, anaimba. Shemeji alikuwa amesimama karibu nasi anatazama miguu yake. Alikuwa mtu mzuri, na mama yake alikuwa mama yake.

"Nipe mpaka mvua iishe," nilisema. "Barabara ya Antsanitia ikikauka, uje. Ukimuuliza mtoto ni wa nani, akakujibu mwenyewe, anabaki. Asipokujibu, mchukue."

Aliniangalia usoni. "Na wewe hutamfundisha jibu asubuhi hiyo."

"Hata nikimfundisha, Bweni, halitakaa mpaka ufike."

Alicheka kidogo, bila kutaka, akakubali.

Kuanzia hapo sikumwacha mtoto akae peke yake na mama yake hata mara moja, wala sikumwacha mama akae bila mtoto. Kazi ya mokari niliileta nyumbani, tukauzia mlangoni. Kila asubuhi nilimpa mtoto mikononi na kumwambia maneno yaleyale: huyu ni mwanao, ulimzaa mwanzoni mwa mvua, baba yake ni mumeo, sikio ni lake. Kila asubuhi alipokea habari hiyo kwa mara ya kwanza. Mwanzoni alikuwa akilia kwa furaha, nami nilikuwa ninangoja amalize. Baadaye nilifupisha. Furaha yake ilikuwa inanichukulia asubuhi nzima, na unga ulikuwa unangoja.

Watu walisema nina moyo. Sidhani. Nilikuwa kama mguu uliolala. Ninaukanyaga, unanibeba, siusikii.

Nilikuwa ninangoja siku moja aseme, "Najua, uliniambia jana." Haikuja. Nilichokiona kilikuwa kitu kingine, na nilichelewa kukiona kwa sababu nilikuwa ninatazama mdomo wake. Mtoto yule alikuwa hanyonyi upande wa kulia mpaka aanze na kushoto. Ukimwanzisha kulia atapiga mateke na kugeuza shingo. Katika siku za mwanzo baada ya hospitali, mdogo wangu alimwanzisha upande wowote, akashangaa kilio. Sasa alikuwa anamwanzisha kushoto. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Kwa nini nini?" Alikuwa anamkunjia nepi iwe nene zaidi upande mmoja, kwa kuwa mtoto alikuwa analalia ubavu huo. Alikuwa anamshika kisigino wakati wa kumwogesha, kwa sababu bila hivyo hurusha maji. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa anafanya haya yote huku akiniuliza mtoto huyu tumemleta lini.

Nilikwenda hospitali kumuuliza daktari. Akasema mikono hujifunza kwa njia yake, sehemu nyingine kabisa ya ubongo, na hiyo kwa mdogo wangu haikuguswa. "Anamjua, lakini hajui kwamba anamjua," alisema. Nikamuuliza kama hilo lingehesabika kwa mwanamke wa Antsanitia. Akasema hilo si swali la daktari.

Mvua zikaisha. Barabara ikakauka. Mama mkwe alikuja mchana mmoja, safari hii peke yake, na mkeka mpya umefungwa kwa kamba. Shemeji alikuwa kazini bandarini. Koko alikuwa amekaa varandani akichambua mchele. Mdogo wangu alikuwa amekaa mkekani, mtoto mbele yake ameanza kukaa kwa kuegemezwa na mto.

Nilimkaribisha. Alikaa, akanywa maji, akauliza hali za watu wote kwa utaratibu. Kisha akamgeukia mdogo wangu. Sauti yake ilikuwa ya upole.

"Mwanangu, mtoto huyu wa nani?"

Mdogo wangu alimtazama mtoto. Alimtazama vizuri, kwa sababu alikuwa ameulizwa na mtu mzima. Kisha akanitazama mimi kuona kama ninacheka.

"Wa dada, nadhani," alisema.

Koko aliacha kuchambua. Mimi sikumsahihisha. Tulikuwa tumepatana.

Mama mkwe alivuta pumzi, akaweka bilauri chini. Hakufurahi, nataka hilo lijulikane. Aliinuka, akainama, akamchukua mtoto chini ya kwapa, akamweka begani. Mtoto hakuwa anamkumbuka. Akatazama leso ngeni, akaanza kulia, kilio kile cha kukaza mgongo. Bibi yake akamtikisa, akamhamishia bega jingine, akamwimbia wimbo wa kwao. Kilio kikapanda.

Mdogo wangu alinyoosha mikono. Hakusimama wala hakusema samahani. Alinyoosha tu mikono kama mtu anayepokea sahani, na yule mama, sijui kwa nini, akampa. Mdogo wangu akamlaza kifuani kwa upande wa kushoto, akamshika kisigino kwa kiganja, akakigandamiza kidogo. Kilio kikakatika katikati. Akainua uso, akamwambia mama mkwe, kama anayempa mgeni maelezo ya nyumba, "Hataki upande ule."

"Umejuaje?" mama mkwe aliuliza.

Mdogo wangu alifikiri. Niliona anatafuta. "Sijui," alisema. "Hataki."

Mama mkwe alibaki amesimama. Mtoto alikuwa ananyonya kwa sauti. Koko akaanza tena kuchambua mchele, polepole, punje moja moja, macho chini. Baada ya muda mama mkwe akavuta mkeka wake mpya, akafungua kamba, akautandika kando ya ule wa mdogo wangu.

"Zoky," aliniambia, "mnalala saa ngapi humu?"

"Baada ya isha, Bweni."

"Mimi nalala mapema. Na mtu wa kuchunga moto na kisima anahitajika. Wewe una biashara." Akakaa. "Antsanitia itanisubiri."

Sikumshukuru kwa maneno. Nilimletea chakula. Shemeji aliporudi jioni akamkuta mama yake amevua viatu, akatutazama wote mmoja mmoja akingoja kuambiwa, kisha akaketi akala.

Asubuhi niliwahi kuamka kama kawaida, nikasimama mlangoni na maneno yangu tayari. Mdogo wangu alikuwa ameshatoka, mtoto yuko kiunoni, na alikuwa amemwona mwanamke mrefu ameketi varandani anasuka mkeka.

"Karibu, Bweni," alimwambia. "Umefika lini?"

Mama mkwe alinitazama. Kisha akamtazama yeye.

"Sasa hivi," alisema.

"Karibu sana. Tutakuchemshia chai."

"Asante. Na huyo uliyembeba?"

Mdogo wangu alimtazama aliyembeba.

"Ni wako," mama mkwe alimwambia. "Ulimzaa mwanzoni mwa mvua."

"Wangu?"

"Wako."

Alimpandisha kiunoni, akambadilisha upande.

"Ni mzito," alisema, akaenda jikoni naye.